Pete Mguuni mwa Kukuziwa

Ofisi ya Pampu, Mabwawa ya Majitaka
4 Januari

Kwa aliyechora kalenda ya Idara ya Maji,

Hunijui wala sikujui. Anwani yako nimeitoa chini ya kalenda, kwenye maandishi madogo niliyoyasoma kwa darubini kwa sababu miwani niliisahau nyumbani. Kalenda yenyewe tumeitundika juu ya swichi za pampu, na mwezi huu wa kwanza ni zamu ya kukuziwa, yule ndege mweusi wa majini. Ninavyoandika ananitazama.

Mimi ni msimamizi wa mabwawa. Kazi yangu ni kuzunguka matuta na kuangalia maji machafu ya mji yanavyotulia bwawa kwa bwawa mpaka yawe na nafuu. Watu wakisikia ninapofanya kazi huziba pua, lakini ndege hawana maringo hayo. Nina kukuziwa wasiopungua arobaini na nimeishi nao miaka kumi na minne. Kwa hiyo niwie radhi nikikuambia: ndege wako amekufa.

Sisemi umechora vibaya. Manyoya umeyapanga unyoya kwa unyoya, hata nilinyoosha mkono niyaguse. Ila amesimama kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Vidole umevikunja, sijui anashika nini. Na juu ya goti umemtia mstari wa giza ambao sielewi ni jeraha au ni uchafu wa mashine ya kuchapia. Wa kwangu hawana mstari huo.

Mwenzangu wa zamu, tunayemwita Mama Pampu, ameniambia nikuache, eti kalenda ni ya kutazama tarehe. Nimeshindwa kukuacha. Ndege huyu ulimwona wapi?

Msimamizi wa mabwawa


15 Januari

Bwana Msimamizi,

Barua yako niliisoma nimesimama kazini, nikakasirika, nikaenda nayo nyumbani nikamsomea mama. Mama alicheka mpaka akaomba maji. Amevunjika nyonga tangu mwaka jana, na huko kitandani vichekesho ni haba, kwa hiyo kwa hilo peke yake nakushukuru.

Umeuliza nilimwona wapi. Kwenye droo. Nafanya kazi katika chumba cha chini cha makumbusho, na kukuziwa wangu yuko droo ya thelathini na moja. Amelala chali, tumbo limejazwa pamba, miguu imefungwa pamoja kwa uzi, na mahali pa macho pana pamba pia. Alikufa kabla mama yangu hajazaliwa. Basi umepatia. Mimi ni mchora maiti. Huu ni mwaka wa kumi na moja nachora panya, popo na konokono waliokauka, na zahanati zikihitaji bango nachora utumbo wa binadamu. Kukuziwa aliye hai sijamwona hata mmoja. Jambo hilo sijawahi kumwambia mtu wa kazini, na sijui kwa nini nakuambia wewe.

Lakini ule mstari si uchafu. Ni pete nyekundu. Ndege akikauka, rangi ya mdomo na miguu hupotea yote akabaki hudhurungi, ndiyo maana aliyemkamata aliandika rangi kwenye lebo kabla hazijapotea: "Mdomo mwekundu, ncha njano. Miguu kijani cha manjano. Pete nyekundu juu ya goti." Niliipaka nyekundu. Mashine ndiyo iliyoifanya nyeusi, na mashine si yangu.

Sasa na mimi nakuuliza. Kama hasimami hivyo, anasimamaje? Vidole anaviwekaje? Nieleze yote, hata yale unayoona ni ya kipuuzi.

Mchora Maiti


27 Januari

Dada Mchoraji,

Hilo jina ulilojipa limenitia aibu, ingawa Mama Pampu amelipenda. Mpe mama pole ya nyonga.

Vidole nilijaribu kuvieleza nikaishiwa maneno, nikaona nimwachie mwenyewe. Nilichana karatasi mbili za daftari la zamu nikazitandaza kwenye tope, ukingoni wanapopita asubuhi, nikazibana kwa kokoto. Ya kwanza ilichukuliwa na upepo. Ya pili ndiyo hii. Nyayo ni zake mwenyewe na harufu ni yetu sote hapa, uivumilie.

Mwendo wake sasa. Akinyanyua mguu, vidole hujikusanya kama mwavuli unaofungwa, halafu huvifungua tena kabla hajakanyaga. Anaweza kutembea juu ya majani yanayoelea na asizame. Kila hatua mkia unaruka juu, na chini yake kuna weupe pande mbili. Akiogelea kichwa kinakwenda mbele na nyuma, ndiyo, ndiyo, ndiyo, kama karani mbele ya mkurugenzi. Shingo haisimami wima ila akishtuka. Ulichochora wewe ni kukuziwa aliyeona mbwa.

Kuhusu pete tutagombana. Jana nimekaa na darubini asubuhi nzima. Mdomo ni mwekundu, kama mnavyosema, na ncha inang'aa. Mguu ni rangi moja kuanzia kwenye manyoya hadi kwenye kucha. Pengine huyo mwandishi wa lebo alimkamata ndege aliyefungwa kamba.

Msimamizi


6 Februari

Kaka Msimamizi,

Nyayo zimefika. Karani wa posta alinikabidhi bahasha kwa ncha za vidole na hakuniaga. Nimetandaza karatasi mezani na sikufanya kazi nyingine jioni ile. Kumbe ni virefu namna hii! Kwenye droo vimejikunja na viwili vimevunjika, nami nikachora nilichokiona. Mama aliomba aishike. Akaisogeza karibu na dirisha akasema, "Huyu alikuwa na haraka." Kweli, nyayo za mwisho zimeachana kuliko za kwanza. Kitu gani kilimharakisha?

Sasa nikuambie jambo ambalo lilikuwepo tangu ulipoandika mara ya kwanza, ila sikutaka kulitaja lisije likaharibika. Kuna mhariri anayeandaa kitabu cha kutambulia ndege wa majini. Ndege ishirini, kila mmoja ukurasa mzima. Ameniomba nimchoree mmoja kama jaribio, na amemchagua kukuziwa. Akimkubali, wote ishirini ni wangu na jina langu litakaa juu ya jalada. Akimkataa, kuna mchoraji mwingine tayari. Jina langu mpaka leo halijaandikwa mahali popote ila kwenye kadi ya kliniki na orodha ya mishahara. Naitaka kazi hii, kaka. Naitaka mpaka najionea haya.

Ningekuja kuwaona mwenyewe, lakini ni siku mbili za basi kwenda na mbili kurudi, na jirani anakaa na mama mpaka saa nane mchana tu. Kwa hiyo macho yangu ni wewe.

Ndani nimekuwekea vipande kumi na viwili vya karatasi. Kila kimoja nimekipaka rangi niliyoichanganya kwa mkono na namba nimeiandika nyuma. Jua likiwa zuri, tazama mguu kwa darubini, halafu tazama kipande, halafu mguu tena. Niandikie namba inayofanana. Upime pia pale juu ya goti. Kwa pete nimekosa usingizi: lebo iliandikwa na mtu nisiyemjua, na wewe unao arobaini wanaopumua.

Mchoraji


20 Februari

Dada Mchoraji,

Kilichomharakisha ni mimi. Nilipiga chafya.

Kazi uliyonipa nimeifanya siku tatu. Mama Pampu alinikuta tutani nimeinua vipande vya rangi juani, kimoja mkono huu, kingine mkono ule, akaniuliza kama nimeanza kuchanganyikiwa. Nikamwambia nafanya kazi ya kitabu. Nilisema "kazi ya kitabu" kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Mguu ni namba 4. Juu ya goti nimepima kwa ndege wanne tofauti, ni namba 4 vilevile. Katika vipande vyako kuna viwili ulivyovirudia, rangi ni ileile, nadhani ulikuwa umechoka. Si neno. Mdomo sikuupima, nimeona lebo inatosha.

Nimegundua kitu. Miaka yote nilikuwa nawatazama kwa kujifurahisha. Sasa natazama kwa niaba ya mtu mwingine, na nikirudi ofisini najikuta nimeona mara mbili ya zamani. Kwa mfano mstari mweupe ubavuni. Hauko wima wala haujalala, umekatika katika kama mshono wa mtu asiye fundi. Mchoree hivyo.

Msimamizi


3 Machi

Kaka,

Amekwenda! Jana nimempeleka posta kwa mkono wangu, nikasimama mpaka nikaona mhuri umegongwa.

Nimemchora akitembea, mguu mmoja juu, vidole vimefungwa kama mwavuli wako. Mkia umeruka. Mstari wa ubavuni umekatika katika. Miguu namba 4 kuanzia juu hadi chini, na pete nimeiondoa. Jicho lako ni kali: kipande cha 4 na cha 5 kweli nilivichanganya kwenye kibati kimoja, tofauti yake hata mimi huwa inanitoka.

Nilipommaliza nilimweka kitini karibu na kitanda cha mama nikaenda kuchemsha maji ya dawa. Niliporudi nilimkuta mama anamwambia, "Pita, pita, mimi sina neno nawe." Sikutaka kuingia. Nilisimama mlangoni na birika langu nikafurahi kama mtoto.

Mchoraji, si wa maiti tena


18 Machi

Kwa Mchoraji,

Picha nimeipokea. Mwendo, vidole na manyoya ni vya kiwango ambacho sijakiona kwa muda mrefu. Lakini pete nyekundu juu ya goti haipo. Mtu yeyote aliyekaa kando ya bwawa kwa saa moja anaijua. Kitabu cha kutambulia ndege kikikosea alama ya kutambulia, hakina kazi. Nilitaka kumpa mwenzako kazi hii leo hii. Vile vidole ndivyo vilivyonizuia. Nakupa mpaka tarehe 10 Mei uniletee mwingine. Baada ya hapo usiniletee.

Mhariri


19 Machi

Bwana Msimamizi,

Nakutumia nakala ya barua ya mhariri. Isome mwenyewe.

Mtu yeyote aliyekaa kando ya bwawa kwa saa moja. Wewe umekaa miaka kumi na minne. Nimejaribu kukutafutia udhuru nimekosa. Ama huko tutani hufiki na hizo nyayo ni za kuku wa jirani, ama ulitaka kushinda ubishi na mtu wa lebo, mimi nikawa kigoda cha kupandia. Nilikuambia nini kinategemea kazi hii. Nilikuambia mambo ambayo sijamwambia mtu.

Usinijibu kwa mzaha.

Mchoraji


9 Aprili

Kwa mchoraji wa kalenda,

Mimi ndiye Mama Pampu. Si mtu wa barua, kwa hiyo nitakwenda moja kwa moja.

Barua yako ilipofika alisoma, akanishika mkono akanipeleka tutani. Akanipa darubini. Akasema, "Yule pale. Juu ya goti unaona nini?" Nikamwambia naona pete nyekundu. Akauliza, "Tangu lini?" Nikamjibu tangu nianze kazi hapa, kwani ya leo? Nilidhani ananitania. Akatoa vipande vyako vya rangi mfukoni, akanionyesha kimoja cha kijani na kimoja chekundu kama tofali, namba 4 na namba 9, na hiyo 9 ndiyo rangi ya pete. Akaniuliza kama ni rangi moja. Nikacheka. Yeye hakucheka. Akakaa chini pale pale kwenye majani, na suruali ya kazi ilikuwa safi siku hiyo.

Mwanangu, huyu mtu hakukudanganya. Haioni. Nyekundu na kijani kwake ni kitu kimoja, na mpaka anakuwa mtu mzima hakujua. Mimi ndiye nilipaswa kujua. Taa za pampu huzisoma kwa mahali, ya juu ni simama, ya chini ni endelea. Mwaka juzi fundi aliziweka kinyume, tukapata maji ya bwawa la kwanza mpaka chini ya meza, na sote tukamtania kwamba alisinzia.

Sasa darubini ameitundika msumarini na kalenda ameigeuza ikatazama ukuta. Anazunguka matuta akitazama viatu vyake. Kukujibu hataki, anasema hana cha kusema ambacho utakiamini. Mimi nimechoka kufanya kazi na mtu aliyenuna, kwa hiyo fanya jambo.

Mama Pampu


16 Aprili

Kaka yangu,

Nilikuita mwongo, na nimekosa. Nisamehe. Sisemi hivyo kwa sababu Mama Pampu ameniagiza.

Nimeitafuta barua yako ya Februari. Uliandika kuna vipande viwili nilivyovirudia. Hukuandika ni namba zipi, na mimi sikuuliza, nikadhani unasema 4 na 5 kwa sababu hivyo ndivyo nilivyokuwa navijua. Mchoraji mzima nikashindwa kuuliza swali la maneno matatu. Kwa hiyo picha tuliikosea wawili.

Usiniandikie kunifariji. Niandikie kwa sababu nina maswali na hakuna mwingine wa kumuuliza. Unaponunua nyanya unajuaje imeiva? Bwawa lako likoje machoni pako? Mama anauliza kama bendera unaziona. Na kuna jambo moja linanisumbua kuliko yote: umeona mkia, vidole, mshono wa ubavuni, vitu ambavyo wenye rangi zao zote hawakuniambia. Uliviona vipi?

Nina wiki tatu. Bado macho yangu ni wewe, kama utakubali.

Dada yako mchoraji


24 Aprili

Dada,

Nilikuwa nimeapa sitaandika. Swali la nyanya limenishinda.

Nyanya nabonyeza. Muuzaji wangu ananichukia. Bendera namjibu mama kwamba naziona zikipepea na hiyo inanitosha. Shuleni mwalimu alinipa sifuri kwa jani nililolipaka nyekundu, nikajua ananionea. Watu waliposema kitu kinawaka kwa wekundu nilidhani ni usemi tu, kama mtu anaposema moyo umempasuka na bado anatembea. Nilidhani mnatia chumvi, na mimi nikajifunza kutia chumvi ileile. Mdomo wa kukuziwa nimeuita mwekundu maisha yangu yote kwa kufuata wenzangu.

Vile vipande viwili nilipoviona viko sawa nilishtuka kidogo. Ningeweza kukuandikia namba. Sikuandika, kwa sababu ndani kabisa niliogopa jibu. Hapo ndipo nilipokukosea, na hapo naomba radhi.

Bwawa likoje? Sijui niseme nini, maana sina lingine la kulinganisha. Matete najua ni mengi kwa jinsi yanavyosogea. Mama Pampu hawezi kuona kiota ndani yake mpaka nimshike kichwa nikigeuze. Anasema kijani kinamzidi. Mimi nakiona kutoka ofisini, kwa umbo na kwa kivuli. Labda ndiyo jibu la swali lako. Sikuwa na rangi za kunishughulisha.

Saa ninayowaona vizuri kuliko zote ni saa sita na ushee, jua likianza kuinama. Wanatoka majini wanasimama juu ya ukuta wa zege kujikausha. Kivuli cha tumbo huwashukia miguuni kikaishia juu ya goti. Juu ni giza, chini mguu unang'aa kwa maji. Saa hiyo ningeweza kumchora hata mimi.

Na mimi nina swali. Nyekundu ikoje? Usinijibu kwamba ni kama moto.

Msimamizi


30 Mei

Kaka,

Swali lako nimelihangaikia siku nne. Nilijaribu joto, nikajaribu ukali, yote ni uongo. Mama ndiye aliyelipata. Amesema ukiingia chumbani, nyekundu ndiyo inayokuona kwanza. Sina bora ya hiyo.

Mhariri amejibu. Amemkubali. Kitabu ni changu, ndege wote ishirini! Nimesoma barua yake mara tatu na ya nne nilisomewa na mama, kwa sauti ya mtangazaji.

Sikuipunguza wala kuizidisha rangi. Pete ni nyekundu ya namba 9 kama alivyonihakikishia Mama Pampu, miguu ni namba 4, kwa sababu ningebadilisha ningemdanganya kila atakayefungua ukurasa huo. Nilichobadilisha ni saa. Yule wa kwanza nilimchora asubuhi. Huyu nimemchora katika saa uliyonipa wewe, juu ya ukuta wako wa zege, maji bado yanamchuruzika.

Nimekutumia nakala ya kwanza ya kiwandani, na safari hii mashine imetenda haki. Ukimtazama, usimwite mtu akuonyeshe. Weka kidole pale unapofikiri pete inaishia, halafu ndipo umwite Mama Pampu.

Yangeyange ndiye anayefuata. Nahitaji nyayo zake, na karani wa posta nimeshamwandaa.

Dada yako


10 Juni

Dada yangu,

Bahasha niliifungua saa nne asubuhi, nikaiweka picha juu ya meza ya pampu na nikafunga mlango. Nilimtazama kwanza kama ninavyowatazama wa kwangu, mwendo, mkia, shingo. Ni mzima kabisa. Nilitamani kupiga chafya nione.

Halafu nikatazama mguu. Hapo juu pana giza, kama utepe mpana, na giza linaishia ghafla juu ya goti, mguu unaanza kung'aa. Nikaweka kidole pale linapoishia. Nikamwita Mama Pampu, nikamwambia aweke chake pale pete nyekundu inapoishia na asitazame changu. Kidole chake kilikuja kikagonga changu. Akasema, "Niondolee kidole, nitawekaje wakati wewe umekaa hapo hapo?"

Nikachukua darubini msumarini. Tulikwenda tutani tukangoja saa sita ipite. Walipotoka majini na kupanda ukutani nilimwambia anieleze pete ya kila mmoja, nami nieleze ninachokiona. Alisema, "Pete inaanzia chini ya manyoya tu." Nikasema kivuli kinaanzia hapo. Alisema, "Inaishia kabla ya goti." Nikasema na kivuli. Ndege wa kwanza, wa pili, mpaka wa tisa. Kisha likapita wingu, vivuli vikaondoka kwa wote, nikabaki na mguu wa rangi moja kama zamani. Lakini sikusikitika, maana sasa pa kutazama napajua.

Kalenda nimeigeuza ikatazama watu. Nyayo za yangeyange zimo humu, karatasi tatu, za bwawa la nne ambalo lina nafuu ya harufu. Mwambie mama nimeelewa jibu lake kuliko anavyodhani. Ile pete ilikuwa imeniona miaka kumi na minne yote, na mimi kila saa sita nikiitazama nikaiita kivuli.

Kaka yako wa mabwawa